Sanduku la Zege

Iowa, 12 Aprili 1998

Dada Razija,

Barua yako imefika nzima, na hapa hilo si jambo dogo, utaona mbele. Wifi yako Mevlida hajambo. Mbwa hajambo. Mimi nina vidole vyote kumi, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ndiyo afya.

Umeuliza kadi. Kadi bado. Mahojiano yalikwisha majira ya baridi. Afisa akatabasamu, akagonga muhuri, akasema kadi za ukaazi zitakuja kwa posta, yangu na ya Mevlida, kila moja na bahasha yake. Basi tunangoja posta. Pasipoti ya nyumbani ninayo, lakini nikitoka na pasipoti bila kadi sirudi. Ukiacha hilo, mimi ni mtu huru.

Posta yenyewe hapa haiji mlangoni. Sanduku liko kando ya barabara, juu ya nguzo, bati jembamba kama kopo la dagaa, halina kufuli. Nilimuuliza Darlene, mama anayeleta barua kwa gari, kama watu hawaogopi wezi. Akasema, "Nani aibe bili za wenzake?"

Wezi sijawaona. Waliokuja ni wa aina nyingine. Jumamosi mbili zimepita tulisikia gari likija kasi, kicheko, kishindo kimoja, likaenda zake. Nikalikuta sanduku mtaroni, limekunjika kama mtu aliyepigwa teke la tumbo, jina KARABEG limepasuka katikati. Nikalinyoosha kwa nyundo, nikalirudisha. Jana wamelipiga tena, na safari hii kilango kiliruka mpaka kwenye mabua ya mahindi ya mwaka jana. Walitumia rungu la besiboli, alama zinaonekana. Nilitambaa kwenye mabua nikitafuta barua, maana ningejuaje kama kadi haikuwa ndani? Nilipata bili ya umeme na tangazo la pizza.

Mevlida alisimama barazani. Alisema tu, "Jina wameshalijua."

Kazini machinjioni ni kisu kutwa. Mama akiuliza ni nyama ya nini, mwambie ng'ombe.

Mdogo wako,
Vahid


Travnik, 27 Aprili 1998

Vahid,

Nimemwambia ng'ombe. Akasema, "Huko Iowa? Hata mimi najua wanafuga nguruwe," akaendelea kumenya viazi.

Sasa kaa chini. Baba amepatikana.

Wamelifungua shimo walimofukiwa watu wakati wa vita, nyuma ya kiwanda cha matofali. Nguo walizitandaza kwenye ukumbi wa shule juu ya plastiki, nasi tukapita katikati kama watu wa mnadani. Sweta nililijua kwa mkono wa kushoto, kwa sababu niliufuma mimi na niliukosea. Mfukoni mlikuwa na timazi yake ya kupimia ukuta. Uzi umeoza, chuma kizima. Fuvu lina tundu kisogoni. Mikono yote miwili imevunjwa, na imevunjwa kabla ya tundu. Daktari alilitamka neno "kabla" kwa sauti ndogo, kama mtu anayekuuzia kitu kibovu. Mwashi, Vahid. Walianza na mikono.

Mazishi ni tarehe 18 Julai, pamoja na wengine waliotolewa mle. Desturi unaijua: wanawake siku hiyo hatufiki kaburini. Mama amesema mumewe hatashushwa na mikono ya watu baki. "Ana mwana," amesema, na ameacha kuongea na imamu. Imamu anasema ni tarehe hiyo, haisogei.

Kuhusu sanduku lako. Lango letu lilipopakwa rangi nyekundu, Baba alifanya nini? Alilipiga chokaa, akarudi kunywa kahawa. Wakapaka tena, akapiga chokaa tena. "Ni vijana wanacheza," alisema. Mara ya tatu hawakuja na brashi. Mimi nilikuwa darini, wewe ulikuwa mbali, kwa hiyo nakueleza mimi.

Usiwe mtu wa chokaa.

Razija


Iowa, 12 Mei 1998

Dada,

Siku barua yako ilipofika nilikuwa zamu ya kuchoma koo. Nguruwe wanakuja wametundikwa miguu juu, wamezimia kwa umeme, wengine hawajazimia sawasawa, na wewe unachoma pale chini ya taya na kuzungusha. Nilichoma mpaka viatu vikajaa. Msimamizi akaja kunipongeza kwa kasi yangu. Nikamwambia ahsante. Sikulia, kama ndilo ulilotaka kujua.

Kisha nikajenga sanduku.

Nimechimba chini kupita mahali ardhi inapoganda. Nimesimamisha nondo nne, nikazifunga kwa waya kama Baba alivyotufundisha kwenye kisima cha msikiti. Kipimo chake kilekile cha zege, na maji kidogo kuliko mkono unavyotamani. Ndani nimeacha nafasi ya bahasha tu. Nje nimevisha bati na kulipaka rangi ya fedha, na bendera nyekundu pembeni kama yote ya hapa, na jina. Ukilitazama ni kopo la dagaa kama la mtu yeyote. Hapo ndipo raha yake ilipo.

Darlene alisimamisha gari, akaligonga kwa kidole, akatazama kidole.

"Vahid, hiki kitu kitamuua mtu."

"Ahsante."

"Sijakusifu. Kanuni inataka nguzo ivunjike gari likiigonga."

"Nilikotoka, kinachovunjika ndicho kinachokuletea matatizo."

Akatikisa kichwa, akaweka tangazo la pizza, akaenda.

Mwambie Mama nitakuja. Kadi ikikanyaga tu sanduku hili, hakuna wa kuitoa.

Vahid


Iowa, 1 Juni 1998

Dada mpendwa,

Hapa kwema. Andiko langu limepinda kidogo kwa sababu nilianguka ngazi nikirekebisha paa, jicho moja likavimba. Si kitu. Mbwa tumempa mtu mwenye shamba kubwa, alikuwa anataka kukimbia. Kadi bado, ila posta imechelewa kwa kila mtu. Nguo nyeusi ya mazishi ninayo.

Salamu kwa Mama,
Vahid


Iowa, 3 Juni 1998

Wifi Razija,

Nimeona bahasha ya Vahid mezani, nimeifungua juu ya birika, nimesoma, nimeifunga. Nisamehe, au usinisamehe. Nyumba yetu haina ngazi.

Jumamosi ya tarehe 23 Mei walikuja jua likiwa bado lipo. Rungu liligonga, na sauti haikuwa ya bati. Ilikuwa ya tawi kavu. Kisha ukelele, na gari likaparamia mtaro. Vahid alikuwa ndiyo ametoka kazini, akatoka mbio na kisu chake. Nilimfuata. Kijana alikuwa ananing'inia nje ya dirisha la pikapu, mkono wa kulia umekunjika mahali pasipo na kiungo, mfupa mweupe umetoka kwenye ngozi, damu inaruka kwa mapigo. Dereva alikuwa ameshakimbilia shambani. Vahid alisimama juu ya kijana na kisu, anamuuliza kwa lugha yetu, "Nani amekutuma? Nani amekutuma?" Na yule analia kwa yake, "Ni mchezo, bwana. Mchezo tu."

Nilimtafsiria. Hakusikia. Kisu kilikuwa kinashuka, wifi, sikupambii hadithi. Nikamuuma kifundo cha mkono mpaka nikaonja chumvi. Hapo ndipo alipoamka. Akavua mkanda wake, akaukaza juu ya kiwiko cha kijana, akamshikilia mapajani mpaka gari la wagonjwa likaja. Waliokuja walisema bila ule mkanda angekauka palepale.

Asubuhi alikuja mzee Harlan wa shamba la pili, kofia mkononi.

"Ni Travis, mwana wa Darlene," akasema. "Mdogo wake Dwayne."

"Darlene wa barua?"

"Hatuna mwingine."

Nikamuuliza kwa nini watuchukie sisi ambao hatujawakosea. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini mvua inalowesha. "Nani kawachukia? Wanapiga masanduku. Vijana wa hapa wakichoka na Jumamosi wanapiga masanduku. Langu nimebadilisha mpaka nimechoka. Mimi mwenyewe nilivunja la mchungaji, na nilikuwa tayari nimeoa."

"Wanapiga ya kila mtu?"

"Ya barabara yote, mama. Mlidhani yenu peke yake?"

Tukatembea naye. Yote yamebonyea, wifi, moja baada ya jingine, mengine yamefungwa kwa kamba, mengine kwa utepe wa gundi. Tulipita mbele yake kila siku ya Mungu. Tuliliona la kwetu tu.

Jumanne Dwayne alipita, akampiga risasi mbwa akiwa kwenye mnyororo wake. Nilimwosha nikamzika nyuma ya banda. Alhamisi yeye na wenzake wawili walimngoja Vahid kwenye maegesho ya machinjio. Mbavu, jicho, meno mawili. Waliomwona wanasema hakurudisha hata ngumi moja. Alificha mikono kwapani akawaachia kichwa. Nilipomuuliza, alisema aliogopea mikono.

Polisi hajawaita, maana kesi ni faili, na faili inaweza kuikuta kadi njiani. Na sasa kadi yenyewe. Darlene haweki tena barua kwetu. Ametuachia karatasi ya rangi ya chungwa: sanduku ni hatari, barua zinashikiliwa mpaka libadilishwe, zikikaa sana zitarudishwa zilikotoka. Vahid hataki kulivunja. Anasema ni kazi ya Baba. Kila jioni anatoka, analishika, anarudi ndani.

Wewe ndiye unayemweza. Jibu litume kwa anwani ya mzee Harlan.

Mevlida


Travnik, 16 Juni 1998

Vahid,

Pole kwa ngazi.

Usimgombeze mkeo. Kama asingekuuma, leo ningekuwa nakuandikia gerezani, na Mama angekuwa na wawili wa kungoja.

Nilikuambia usiwe mtu wa chokaa. Hofu niliijua, mji ndio sikuujua. Huo mkono wa kijana tumeuvunja mimi na wewe, na nimekuwa nikiuota pamoja na ile mingine miwili, sijui tena upi ni wa nani.

Unasema sanduku ni kazi ya Baba. Baba alijenga visima, na tanuri, na ngazi za shule ambapo hakuna mtoto aliyewahi kuanguka. Nitajie kitu kimoja alichojenga ili mtu aumie. Ulichukua kipimo chake tu, basi.

Nunua kahawa na sukari ya vipande, uende kwa mgonjwa. Ndiyo, kwa huyo. Ndiyo, pale nyumbani kwao. Kwetu hata aliyekupiga akilala kitandani anaendewa, na aliyepiga anaenda na mzigo mkubwa zaidi. Wakikufukuza, acha kahawa mlangoni, urudi kesho.

Imamu amekuja tena kuhesabu wabebaji wetu. Nilimwambia mwana anakuja. Kama huji, nitashuka kaburini mimi na sketi yangu, naye apige kelele mpaka achoke. Mama amesema atanishikia viatu.

Razija


Iowa, 30 Juni 1998

Dada,

Nilienda. Dwayne alifungua mlango na bunduki mkononi, imeelekea chini, lakini chini palikuwa na miguu yangu.

"Umebeba nini?"

"Kahawa. Na sukari."

"Ya nini?"

"Kwetu haendewi mgonjwa mikono mitupu."

"Hata na aliyemvunja?"

"Hasa huyo."

Akaifungua pakiti akanusa, nadhani akitafuta baruti. Kisha akaninusa mimi, hivyo ndivyo ilivyoonekana, akasogea.

Travis alikuwa kwenye kochi. Mkononi mnatoka vyuma vinne, vimefungwa kwa fremu, na mimi mwashi mwana wa mwashi nikajikuta naangalia kama vimesimama wima. Hautanyooka tena wote, daktari amewaambia.

"Niliamini kabisa ni bati," akaniambia.

"Nililipaka vizuri."

"Ulilipaka vizuri sana, mzee. Sherifu nilimwambia nimeanguka ngazi."

"Ngazi gani?"

"Hata yeye aliuliza hivyo."

Nikacheka, mbavu zikaniadhibu. "Mimi pia nilianguka ngazi," nikasema. Dwayne akatazama sakafu. Ilikuwa sakafu ya kawaida.

Darlene hakuketi muda wote. Alichemsha ile kahawa, kwa maji mengi kama wanavyofanya hapa, akaniwekea mbele bila sukari.

"Barua yako ninayo," akasema. "Ile ya serikali. Iko kwenye kiti cha gari langu. Kila siku inapita mbele ya nyumba yako na kurudi. Ijumaa muda wake unaisha, nairudisha ilikotoka. Huko kadi huikatakata."

"Nipe, Darlene."

"Sikupi mkononi. Nikikupa mkononi nitakuwa nimekufanyia hisani, na hisani kwako sina. Mwanangu huyu ndiye anayenifungia magunia ya barua, angalia mkono wake. Mimi naweka barua kwenye sanduku, hiyo ndiyo kazi. Lile livunje, weka la bati, nitaweka."

"Nitalivunja leo."

"Mbele yangu."

Basi nililivunja mbele yake. Aliegesha gari kando ya barabara, vioo juu, bahasha kwenye kiti. Niliazima nyundo ya kuvunjia mawe kwa mzee Harlan. Bati lilitoka kwa pigo moja, ndani yake zege likanitazama kama siku nilipolimwaga. Nilipiga. Cheche tu. Nilipiga mpaka malengelenge yakapasuka na mpini ukawa unateleza kwa damu, na mbavu zinanichoma kila ninapoinua. Nilimlaani Baba, Mungu anisamehe, kwa nini hakuwa fundi mbaya kidogo.

Dwayne alikuwa ameketi nyuma ya pikapu anatazama. Akashuka. "Toka," akasema. "Unapiga kama mtu anayeomba radhi."

Akaichukua nyundo. Ana mabega ya kubeba ndama. Kila alipopiga nilijua anaona kichwa cha nani.

"Ulimpiga risasi mbwa wangu," nikamwambia.

"Ndiyo." Akapiga.

"Alikuwa kwenye mnyororo."

"Najua alikuwa wapi." Akapiga. "Mdogo wangu hafungi hata vifungo vya shati."

"Najua."

Akapiga, na hapo zege likapasuka kutoka juu mpaka chini, nondo zikachomoza kama mbavu za mnyama. Vumbi lilipotua tulikuwa tumesimama wote wawili, yeye anahema, mimi natonesha damu, na hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Akanirudishia nyundo, akaondoka.

Nikapigilia sanduku la bati juu ya nguzo ya msonobari. Jembamba, la dukani, la aibu. Darlene akashuka garini. Nilikuwa nimesimama hapohapo, ningeweza kuipokea kwa kunyoosha mkono tu. Akafungua kilango, akaweka bahasha ndani, akafunga kilango, akaingia garini. Hakunitazama. Akaendesha mpaka kwa Harlan, akaweka bili.

Nikafungua kilango. Yangu tu, ya Mevlida bado. Kwenye picha nina uso wa mtu aliyeulizwa kitu na hakusikia. Nimeijaza damu pembeni, lakini inafutika.

Nafika tarehe 16. Mwambie Mama hana haja ya kukushikia viatu.

Vahid


Travnik, 19 Julai 1998

Mevlida,

Tumemzika. Jeneza lilikuwa jepesi, Mungu wangu, wanaume wanne tulikuwa tukilibeba kama watu wanaoigiza. Nilishuka kaburini. Vile viunza vya kumfunika, vipande vya mbao vinavyolazwa kwa mshazari, waliviweka vibayavibaya kwa haraka, makaburi yalikuwa mengi. Nilivitoa nikavipanga upya, kimoja kimoja. Imamu alikohoa. Nikaendelea.

Nilipoinua kichwa niliona sketi. Razija alikuwa ameketi ukingoni mwa kaburi, miguu inaning'inia ndani, viatu havipo, ananipa timazi ya Baba na uzi mpya. Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani walitazama uso wake wakaahirisha. Nikapima. Viko sawa.

Mama ameketi jikoni na anaongea na imamu tena, kwa ubaya, lakini anaongea.

Usiku kadi naiweka chini ya mto. Naamka, naishika, nalala. Wewe je? Yako imefika? Na Jumamosi?

Vahid


Iowa, 29 Julai 1998

Vahid,

Jumamosi walikuja.

Nilikuwa barazani. Niliyasikia masanduku tangu mwanzo wa barabara, bati, halafu kimya, halafu bati, yanakaribia, nami nikashika kiti kwa mikono miwili, na kwa kweli sikuwa Iowa, nilikuwa nyuma ya lango la baba yako na rangi bado mbichi. Kisha la kwetu. Kisha gari likaendelea, kwa Harlan, kwa mchungaji, mpaka kwa Darlene mwenyewe. Nilisubiri. Hakuna kilichofuata. Nzi tu.

Travis alikuwa nyuma ya pikapu. Alipiga kwa mkono wa kushoto, vibaya, alibonyeza pembe moja. Nadhani alifumba macho.

Jumatatu Darlene alishindwa kufungua kilango. Akakipiga ngumi, kikafunguka. Akaniambia kwa dirishani, "La kwangu wamelikunja kabisa, wapumbavu hawa," na hakutabasamu, lakini aliniambia. Nilipomuuliza habari za mkono wa mwanawe alisema, "Kahawa yenu ni chungu," akaondoka.

Kadi yangu imo. Bahasha imekunjika, kadi yenyewe haikuguswa.

Nimelinyoosha sanduku kwa nyundo. Si sana. Nimeliacha na bonyeo lake, lifanane na mengine.

Mevlida